Minas wa Juu na Minas wa Chini

Mliniacha ngazini, wasomaji wangu, na najua wengine mlifurahi. Yule bibi wa Patra aliyeliandikia gazeti kwamba mama kama mimi anastahili kuteleza kwenye ngazi hizo avunjike shingo, namwambia hivi: bibi, sikuteleza. Laiti ningeteleza.

Aliyechelewa nampa kwa mkupuo. Mimi ni Kaliroi Halkia, mke wa Nikitas Halkias, fundi wa injini melini; kwetu jina la mke huangusha ile s. Kazi yangu ni kuandika programu kwa lugha ya COBOL kwenye ile kompyuta kubwa inayopanga nani aingie chuo kikuu kipi. Nyumba yetu hapa Pirea ina ghorofa mbili. Juu naishi mimi na mwanangu Minas. Chini anaishi Sevasti, mjane wa shemeji yangu Ilias, na mwanawe, Minas.

Naam, Minas na Minas. Sisi wa kisiwa cha Karpathos mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, hakuna mjadala, hata kama babu ana watoto watano na wote wanampa mjukuu mwenye jina hilohilo. Basi tukawaita Minas wa Juu na Minas wa Chini. Ukoo mmoja, shule moja, darasa moja.

Wa Chini ndiye mwenye kichwa. Wa Juu nimemzaa mwenyewe na nasema mwenyewe: moyo wa dhahabu, kichwa cha mbao.

Matokeo yakabandikwa shuleni. Minas wa Nikitas, Udaktari, Athene. Minas wa Ilias, hakupata nafasi. Nikafanya sherehe mpaka mtaa ukakoma. Yule wa Chini nikampelekea kipande cha keki, nikamwambia ajitahidi mwakani. Kumbukeni keki hiyo mnaponihukumu, maana mimi siisahau.

Kisha nikiwa kazini nikaona karatasi ya alama. Alama zinakwenda na namba ya mtihani, na namba ya mwanangu naijua, niliibandika chini ya picha ya Bikira nikawa naiombea. Kwenye namba ile palikuwa na alama za aibu. Alama za udaktari zilikuwa za namba nyingine. Programu yangu iliwabadilisha watoto. Programu yangu, niliyoiandika kwa mkono wangu.

Ndipo nikashuka ngazi na karatasi ile kifuani, nimwambie Sevasti. Nikabisha.

Mlango ulifunguliwa kabla sijashusha mkono.

"Dada! Nilikuwa napanda kwako sasa hivi. Ingia, usisimame kama mtu wa kusoma mita ya umeme."

"Sevasti, nina neno."

"Langu kwanza."

Akaingia chumbani, akatoka na koti jeupe. Koti la daktari, limepigwa pasi, vifungo vya lulu.

"Nilianza kumshonea wangu tangu Pasaka, kwa siri," akasema. "Sasa atalivaa wako. Nimefumua mabega, maana wako amejaza. Mwambie alijaribu. Likimbana nitaongeza."

"Siwezi kulichukua hili."

"Kwa nini? Unaogopa kijicho?" Akatema mate pembeni mara tatu, ftu, ftu, ftu. "Haya, nimeshakiondoa. Sikufichi, dada, nimelia. Nimelia mpaka jirani kagonga ukuta. Lakini damu ni moja. Udaktari umeingia nyumbani kwetu. Uwe juu, uwe chini, si nyumba moja?"

Jamani. Angenitukana ningeweza kusema. Mtu akikutukana anakupa nguvu.

"Minas wako yuko wapi?" nikauliza.

"Katoka mapema, anashughulikia karatasi za ubaharia. Shemeji Nikitas kamtafutia kazi kwenye meli yake. Wanaondoka kesho. Kwani hakukwambia?"

Hakuniambia. Mume wangu alidhani anafanya wema.

"Ilias aliapa mtoto huyu hatashika kamba ya meli," Sevasti akasema, huku akilikunja koti polepole. "Lakini Ilias yuko wapi sasa hivi tumuulize?"

Nikalichukua koti. Wasomaji wangu, nililichukua! Nikapanda nalo, nikaliacha mezani, nikashuka tena kwa kunyata nikipita mlangoni kwake kama mwizi, nikakimbilia kazini.

Mkuu wangu, Bwana Delivorias, alikuwa anakunywa kahawa yake. Nikamwekea karatasi mbele. Akaisoma kuanzia mwisho, kama kawaida yake.

"Mbona ripoti iko safi? Tazama hapa chini. Wasio na mwenzao: hakuna. Kila jina limepata mwenzake."

"Ndiyo ubaya wenyewe, mkuu. Kila mtu kapata mwenzake, lakini si wake."

"Kaliroi, nina kazi."

"Fikiria mkeo ameanika soksi kwenye kamba mbili."

"Mke wangu hafui soksi zangu."

"Ndiyo maana hukuelewa tangu mwanzo. Sikiliza. Kamba ya kushoto ni faili la alama. Kamba ya kulia ni faili la maombi, walilojaza kabla ya mtihani, hata namba hawajapewa. Zote mbili zimepangwa kwa utaratibu mmoja. Mtu anachukua ya mwanzo huku, ya mwanzo kule. Zikifanana, anazikunja pamoja. Zisipofanana, ile iliyotangulia haina mwenzake, anaiweka kando na kuvuta nyingine. Hivyohivyo mpaka kamba zote mbili ziishe."

"Najua programu inavyokwenda."

"Sasa weka pea mbili nyeusi. Moja ya kijana, moja ya binamu yake. Kushoto imetangulia ya binamu, kulia imetangulia ya kijana. Atakunja nyeusi kwa nyeusi, ataridhika. Hakuna iliyobaki, hakuna iliyolalamika. Lakini vijana wawili wanatembea, kila mmoja kavaa mguu wa mwenzake."

Kikombe kikasimama njiani.

"Tulilinganisha kwa nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Ukoo, jina na shule. Jina la baba ulisema nilitoe, tuwahi kumaliza. Ukasema, 'Kaliroi, nani duniani ana ukoo mmoja, jina moja na shule moja na mwenzake?'"

Na mimi nikalitoa! Hapo ndipo ninapojichukia. Mimi, ninayesimama ngazini kila siku nikipiga kelele, "Minas! Si wewe, yule wa Chini!" Nilikaa mbele ya mkuu wangu nikaona swali lake lina akili. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Wako wangapi wa namna hii?" akauliza.

"Sijui. Nimemwona wangu tu. Lakini visiwa ni vingi, mkuu, na kila kisiwa kina babu."

Akaenda kufunga mlango. Aliporudi, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Nani kaandika programu?"

"Mimi."

"Nani kapata udaktari?"

"Mwanangu."

"Haya. Nenda kamwambie hakimu kwamba ni bahati mbaya."

Hilo sikuwa nimeliona. Naapa sikuwa nimeliona.

"Lakini wewe ndiye uliyeniambia nilitoe jina la baba!"

"Nilikwambia kwa mdomo," akasema. Hakusema kwa ukatili. Alisema kama mtu anayeangalia kama mfukoni ana funguo.

"Kwa hiyo tunyamaze? Mtoto aende baharini?"

"Sijasema tunyamaze. Pingamizi zinapokelewa mpaka leo saa nane mchana. Akija mtoto mwenyewe au mzazi wake kulalamika, tutafungua tepu za kompyuta, tutakuta kosa, tutarekebisha, tutawatafuta na wengine. Hapo ni kosa la mashine. Ukija wewe, ni wizi. Na baada ya saa nane orodha inakwenda kwa waziri. Ikishatiwa sahihi, hata malaika hawezi kuifungua."

Nikakimbia. Mwanamke wa makamo, viatu vya kisigino, jua la kiangazi utosini, nakimbia. Watu walinipisha wakidhani nafukuzia mwizi. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza: basi nililoliona lilikuwa limejaa, teksi zote zina watu, nikaenda nusu ya njia kwa miguu.

Nilipaswa kuingia kwa Sevasti moja kwa moja. Lakini nilipanda kwangu kwanza. Sikuweza kumvua mwanangu nafasi ile mbele za watu kabla sijamvua mwenyewe, nyumbani, mlango umefungwa.

Alikuwa jikoni anakula tikiti maji na jibini. Koti lilikuwa mezani palepale nilipoliacha. Hakuligusa.

"Minas, mwanangu, keti."

"Nimekaa, mama."

"Nafasi ile si yako."

"Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Karatasi ya kemia niliirudisha nyeupe, mama. Nilijaza ukoo, jina na shule, basi. Hata wasahihishaji wangekuwa wajomba zangu wasingenipa udaktari."

"Na ukacheza! Ulipanda juu ya meza ukacheza! Padri kaja kukubariki, umeinamisha kichwa!"

"Ulinitazama, mama."

"Nilikutazama nini?"

"Ulinishika uso kwa mikono miwili ukanitazama." Alikuwa anazitoa mbegu za tikiti moja moja, hainui macho. "Tangu nizaliwe hujanitazama vile. Vile unavyomtazama yule wa Chini akisoma kwa sauti. Nikasema, ngoja nipate siku moja. Ikawa mbili. Kisha baba akapiga simu, mabaharia wote wanashangilia nyuma yake. Ningemwambia nini?"

Mkono wangu ulipanda kumpiga. Sijui nini kiliushusha. Nikamshika kichwa, kichwa changu cha mbao, nikakibana tumboni, nikalia nikasikia na yeye analia. Mama anaweza kumwibia mtoto wake mwenyewe miaka kumi na minane na asijue.

"Tumwambie Minas wa Chini," nikasema. "Twende sasa hivi, kabla hawajafunga."

"Anajua."

"Nani?"

"Yeye ndiye aliyenifumba mdomo." Akajifuta pua. "Alipanda jioni ileile. Akasema, 'Mimi najua nilichoandika na wewe unajua ulichoandika. Lakini programu ni ya mama mkubwa. Tukilifungua hili watasema kakuibia nafasi, watamfunga.' Akasema, 'Tangu baba afe ni nani amenilisha?' Akasema ataenda baharini na baba yangu, mwakani atafanya mtihani tena. Akaniapisha kwa kaburi la baba yake."

Wasomaji wangu, nimepata mabaya mengi katika sura hizi, mnayajua, nimeyaeleza wiki baada ya wiki bila haya. Lakini hakuna lililonichoma kama hilo. Mtoto yule alinipokea mlangoni, akijua kila kitu, akachukua kile kipande cha keki, akasema, "Asante, mama mkubwa. Hongera."

Nikashuka. Mara hii sikubisha.

Sevasti alikuwa anakoroga supu ya dengu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, neno baada ya neno, bila soksi wala kamba. Nikamwambia: mwanao ndiye aliyefaulu. Mwanangu kashindwa. Mashine iliwabadilisha, na mashine hiyo nimeiandika mimi. Mwanao anajua, na anakwenda baharini ili nisifungwe. Na asubuhi nilikuja kukwambia, nikachukua koti badala yake.

Akazima jiko. Akafuta mikono kwa aproni, kidole baada ya kidole. Akanizaba kofi moja ambalo mpaka leo nikigusa shavu nalisikia.

Kisha akavua aproni.

"Wanafunga saa ngapi?"

"Saa nane."

"Kitambulisho nichukue?"

"Chukua."

"Na wewe," akamwambia mwanangu aliyekuwa amejibanza mlangoni, "usisimame hapo kama nguzo. Tafuta teksi."

Mwanangu alisimama katikati ya barabara, akatandaza mikono kama Kristo, na teksi ikasimama kwa kukosa njia. Sevasti alikaa mbele. Nilikuwa naiona shingo yake tu, na ile shanga ya buluu ya kukinga kijicho aliyoivaa tangu harusini. Nilitaka kumwomba msamaha. Lakini samahani ya kipi? Ya programu, ya keki, au ya koti?

Dirisha la pingamizi lilikuwa bado wazi. Karani, mama mnene mwenye miwani ya kamba, alikuwa anajipepea na faili. Sevasti akajaza fomu kwa herufi kubwakubwa, mwanangu akimsomea maswali. Mimi nilisimama nyuma. Niliogopa hata kivuli changu kisionekane kwenye karatasi ile.

"Halkias, Minas," karani akasoma. Akataja shule. "Wewe ni nani wake?"

"Mama yake. Alama si zake. Nataka mfungue muangalie."

"Haki yako, mama. Subiri."

Akainuka, akaenda kwenye meza ya nyuma, akafunua makaratasi yale mapana yenye matundu pembeni, makaratasi yangu. Kidole chake kikashuka, kikasimama. Nikamwona amekunja uso. Bikira Mtakatifu, nikasema moyoni, namba ile niliyoiombea kwako miezi yote, isahau. Mwangalie mwingine.

Karani akarudi bila haraka.

"Halkias Minas kajitoa leo asubuhi," akasema. "Pingamizi la nini tena?"

"Kajitoa wapi?" Sevasti akauliza.

"Kwetu hapa. Kaja mwenyewe, anataka karatasi ya kwenda melini. Siku hizi kampuni za meli hazimwandiki kijana mpaka alete karatasi kwamba hana nafasi chuoni, au anayo na kaiacha. Nimempigia muhuri mimi mwenyewe. Kijana mpole, ana kovu hapa kwenye nyusi."

"Huyo ni wangu," akasema Sevasti. "Lakini wangu hakupewa nafasi! Hakuwa na kitu cha kuacha!"

"Mama, mtu hajitoi pasipo na kitu. Nimetafuta kwa ukoo, jina na shule. Nikakuta Halkias Minas mmoja tu mwenye nafasi, udaktari. Nikamfuta huyo. Nikamwonea huruma, nikamwuliza mara mbili, 'Una uhakika, mwanangu? Unajitoa?' Akasema ana uhakika."

Nikasahau kujificha. Nikajisukuma mpaka kwenye kioo.

"Mrudishe! Bado hamjafunga! Chukua kalamu umrudishe!"

"Na wewe ni nani?"

"Mrudishe tu, dada yangu, nakuomba, kwa roho ya mama yako!"

"Nafasi ya udaktari haikai wazi hata dakika, bibi. Keshapewa anayefuata. Msichana wa Larisa, binti wa mpiga pasi. Nimempigia simu mwenyewe saa nne." Karani akavua miwani akaifuta. Uso wake ulilainika. "Baba yake alishindwa kusema. Alikuwa analia tu kwenye simu, analia, mpaka na mimi nikalia."

Nyuma yangu mwanangu aliketi kwenye benchi kwa kishindo.

Sevasti alikuwa bado ameshika kalamu. Alimtazama karani, akaitazama fomu yake, jina la mwanawe kwa herufi kubwakubwa. Kisha akanigeukia, na usoni mwake hakukuwa na hasira tena. Afadhali angenizaba la pili.

"Dada," akasema, "mimi sikusoma. Nieleze wewe. Huyu aliyefutwa ni wangu au ni wako?"